Chura wa Kihansi: ramani iliyochorwa baada ya bwawa

Na Mwandishi Wetu, New York

Ilikuwa Jumamosi moja ya baridi kali mwaka 2011 tulipopanda treni kwenda Bronx, kaskazini mwa jiji la New York, kumtembelea Mtanzania mwenzetu. Hatukubeba zawadi, kwa kuwa mwenyeji wetu hali kitu isipokuwa wadudu wadogo wadogo. Anaishi nyuma ya kioo katika bustani ya wanyama ya Bronx, rangi yake ni ya manjano ya dhahabu, na umbo lake ni dogo kiasi kwamba sarafu moja inamtosha kuwa mkeka. Jina lake ni chura wa Kihansi.

Pembeni yetu alisimama mtoto wa Kimarekani aliyemwuliza mama yake kwa nini chura huyu anakaa hapa badala ya kukaa kwao. Mama alisoma maelezo ya ukutani, kisha akamjibu kwamba kwao hakuna tena mahali pa kukaa. Sisi tulionyamaza pale tulilijua jibu hilo kwa namna yetu, lakini hayo si ya leo.

Ya leo ni haya: kiumbe huyu alifikaje Bronx? Wasomaji wetu wengi, walio nyumbani na walio huku ughaibuni, wamewahi kulisikia jina la Kihansi kwa sababu ya umeme. Wengine wamelisikia kwa mzaha, kwamba nchi maskini ilihangaika kwa ajili ya chura. Wachache wameelezwa kisa chenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tumeona tukisimulie, kwa sababu hivi sasa katika nchi zetu zote za Afrika Mashariki yanajengwa mabwawa, reli, mabomba na barabara, na kosa lililofanyika Kihansi linaweza kufanyika tena popote. Kosa hilo lilikuwa dogo kulieleza na ghali kulirekebisha. Makazi ya kiumbe yalichunguzwa baada ya mradi kukatwa shauri na ujenzi kuanza.

KORONGO LENYE MVUA ISIYOKATIKA

Mto Kihansi unateremka kutoka nyanda za juu kupitia milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro, kuelekea bonde la Kilombero. Kabla haujafika bondeni unaingia katika korongo refu na lenye kuta za mwinuko mkali, na humo unaporomoka kutoka jabali hadi jabali. Zamani, maji yale yalipogonga miamba yalitoa manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi. Pembezoni mwa maporomoko kulikuwa na vipande vya majani mafupi na kuvumwani vilivyokuwa vimelowa mwaka mzima. Mtu aliyesimama pale alilowa kama aliyenyeshewa, hata kama mbingu ilikuwa nyeupe.

Katika vipande hivyo, na hapana pengine duniani, ndipo alipoishi chura huyu. Eneo lake lote lilikuwa kama hekta mbili, yaani haizidi sana viwanja vitatu vya mpira. Wataalamu wa wanyama walimgundua mwaka 1996, na maelezo yake ya kisayansi yakachapishwa miaka michache baadaye. Mmoja wa waliomtambulisha kwa ulimwengu ni Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina lake la kisayansi ni Nectophrynoides asperginis. Jike hafiki sentimita tatu, na dume ni mdogo zaidi. Tofauti na vyura tunaowajua, ambao hutaga mayai majini na kutoa viluwiluwi, huyu huzaa watoto walio hai, vichura kamili vyenye urefu wa milimita tano hivi.

Mazingira ya chura huyo yalikuwa na wakazi wengine wa pekee pia. Katika korongo hilo hilo umepatikana mbuni-mwitu ambao wataalamu wa mimea wameupa jina la Coffea kihansiensis. Milima ya Udzungwa ni sehemu ya ule mnyororo wa milima ya kale inayoitwa Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya hadi kusini mwa Tanzania, na ambao kila kilele chake kina viumbe visivyopatikana kilele cha jirani. Kwa hiyo mtu yeyote aliyekuwa anapanga kujenga humo alipaswa kutegemea kukuta kitu kipya.

BWAWA LILILOSIFIWA

Tuwe waadilifu, ndugu msomaji. Mradi wa umeme wa Kihansi ya Chini haukubuniwa na watu wabaya. Nchi ilikuwa gizani na ilihitaji umeme. Tena mradi wenyewe, kwa mujibu wa karatasi, ulikuwa na sura nzuri kuliko miradi mingi ya aina yake. Ukuta wa bwawa una kimo cha mita 25 tu, na ziwa lake ni dogo. Hakukuwa na haja ya kuzamisha bonde zima wala kuhamisha maelfu ya wanavijiji. Siri ya Kihansi ni mwinuko: maji yanachukuliwa juu ya korongo, yanapitishwa ndani ya mwamba, na yanashuka takriban mita 850 hadi kwenye mitambo iliyo chini ya ardhi. Mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, jumla megawati 180. Benki ya Dunia na wafadhili wa Norway, Sweden, Ujerumani na Umoja wa Ulaya walitoa fedha, ujenzi ukaanza katikati ya miaka ya 1990, na umeme ukaanza kutoka kati ya mwisho wa mwaka 1999 na mwaka 2000. Katika miaka iliyofuata, Kihansi peke yake ilikuwa karibu theluthi moja ya uwezo wote wa umeme wa maji wa Tanzania.

Tathmini ya mazingira ilifanyika? Ndiyo, ilifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini korongo lenyewe halikupekuliwa kwa kina. Kuta zake ni kali, kushuka kwake ni kazi ya hatari, na zaidi ya hayo hapakuwa na kitu kilichopangwa kujengwa humo. Ukuta ulikuwa juu, mitambo ilikuwa chini, na katikati palikuwa na pori na maji. Uchunguzi wa kina wa viumbe wa korongo ulikuja wakati ujenzi umeshaanza, na hapo ndipo chura alipoonekana.

Hapa ndipo palipo na somo la makala haya, na tunaomba msomaji alishike. Watathmini walitazama mahali ambapo saruji ingemwagwa. Walipaswa kutazama pia mahali ambapo maji yangekosekana. Hakuna tone la saruji lililomwangukia chura wa Kihansi. Hakuna tingatinga lililopita juu ya nyumba yake. Kilichomwondoa ni kupotea kwa manyunyu, kwa sababu mto uliokuwa ukiyaleta uligeuzwa ukapita ndani ya jabali. Mitambo ilipowashwa, maji ya korongoni yalipungua kwa takriban asilimia 90. Majani yaliyokuwa yamelowa tangu enzi na enzi yakaanza kukauka.

MVUA YA BOMBA

Kilichofuata ni mlolongo wa hatua za dharura. Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura takriban 500 walikamatwa, wakapandishwa ndege na kupelekwa Marekani, kwanza Bronx na kisha katika bustani nyingine kadhaa za wanyama. Wakati huohuo, huko korongoni ilikuwa inafungwa mitambo ya kunyunyizia maji: mabomba yaliyotandazwa juu ya majabali, yenye midomo midogo inayotoa mvua ya kubuni juu ya vile vipande vya makazi. Ikakubaliwa pia kwamba sehemu ya maji iachwe ipite korongoni, kama mita za ujazo mbili kwa sekunde, wakati mto kwa wastani ulikuwa na 16. Mwaka 2001 ukaanza mradi maalumu wa kusimamia mazingira ya Kihansi, kwa mkopo mwingine wa Benki ya Dunia, chini ya uratibu wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Kwa muda ilionekana kana kwamba dawa imeponya. Majani yalirudi na vyura wakaongezeka, hata katikati ya mwaka 2003 wakakadiriwa kufika karibu 20,000. Kisha, katika muda wa miezi michache tu, wakatoweka. Mwanzoni mwa mwaka 2004 walioonekana au kusikika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Vyura waliokufa walikutwa na ugonjwa wa kuvu uitwao kitridi, ambao umeua jamii nyingi za vyura duniani. Wataalamu wamebishana pia juu ya mambo mengine ya mwaka huo: bwawa lilifunguliwa kusafisha tope, na tope lile lilikuwa na mabaki ya dawa za mashambani, na mvua ya bomba haikuwa sawa na mvua ya maporomoko. Pengine vyote vilisaidiana. Mgonjwa aliyekonda haulizwi ni homa ipi iliyommaliza.

Huku Marekani nako hali haikuwa njema. Hakuna aliyewahi kumfuga chura huyu. Walikufa kwa minyoo ya mapafu, kwa upungufu wa lishe, kwa mambo ambayo yalijulikana baada ya kuchelewa. Mwishoni mwa mwaka 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70 duniani kote, wote nyuma ya kioo. Bustani mbili, Bronx na Toledo katika jimbo la Ohio, ndizo zilizojifunza polepole namna ya kuwalea, hadi wakaanza kuzaana kwa mamia na baadaye maelfu. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili (IUCN) likatangaza rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa Tanzania na kuwekwa katika maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2012, baada ya majaribio, vyura wapatao 2,000 walirudishwa korongoni Kihansi. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa jamii ya amfibia iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa katika makazi yake ya asili. Ni jambo la fahari, na wanasayansi wa Kitanzania waliolishughulikia wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa. Lakini hata walipofika nyumbani waliwekwa chini ya mvua ya bomba. Siku bomba likiziba na fundi akichelewa, makazi ya kiumbe mzima wa dunia hii yanaanza kukauka. Huo ni mzigo usio na tarehe ya mwisho, na ameachiwa Mtanzania kuubeba.

UMEME AU CHURA?

Tunaukumbuka vizuri mzaha wa miaka ile. Wakati wa mgawo mkali wa umeme wa mwaka 2006, ukame ulipokausha mabwawa, vinyozi walikaa vibarazani na wauza samaki walitupa mali iliyooza. Katika hali hiyo lilikuwa swali la kawaida mitaani: inakuwaje tunalala gizani na huku maji yanamwagwa bure kwa ajili ya chura?

Swali hilo si la kijinga na halifai kujibiwa kwa dharau. Tulipige hesabu. Kila mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikishuka mita 850, inatoa takriban megawati saba. Kwa hiyo maji yanayoachwa korongoni ni sawa na megawati 14 hivi kati ya 180, na gharama hiyo inauma hasa kiangazi, kwani masika maji huwa ya kutosha na ya kumwagika. Si kitu kidogo kwa nchi yenye shida ya umeme. Wala si kitu cha kuiangusha nchi.

Lakini swali la "umeme au chura" lenyewe lilizaliwa na uzembe wa mwanzo. Kama korongo lingechunguzwa kabla ya michoro kukamilika, wahandisi wangekuwa na njia nyingi mezani. Wangeweza kuamua mapema kiasi cha maji ya kuachwa, wakakiingiza katika hesabu ya faida na hasara. Wangeweza kupanga ukubwa wa mitambo kulingana na maji yaliyobaki. Wangeweza kuanza kumfuga chura na kumsoma miaka mitano kabla ya mto kugeuzwa, badala ya kumkimbiza kwa ndege katika mwezi wa mwisho kama mtu anayetoa watoto katika nyumba inayoungua. Nchi ingejua bei kamili ya umeme wake kabla ya kutia saini mkopo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kihansi ukuta ulishajengwa, ufa ukaonekana baadaye.

JINSI KAZI INAVYOTAKIWA KUFANYWA

Watu wengi hudhani tathmini ya makazi ya viumbe ni kwenda porini na darubini, kuhesabu wanyama na kurudi na orodha. Orodha ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kuchora ramani, na ramani hiyo ina tabaka.

Tabaka la kwanza huchorwa mezani. Mtaalamu hukusanya kila kilichowahi kuandikwa juu ya eneo: vielelezo vya makumbusho, tafiti za vyuo, Orodha Nyekundu ya IUCN inayoonyesha viumbe vilivyo hatarini na mahali vinapojulikana kuishi, na picha za setilaiti zinazoonyesha msitu, majani, maji na mashamba. Hapo anapata kujua nini kinatarajiwa kuwepo. Tabaka la pili huchorwa kwa miguu. Watu hutembea katika mistari iliyopangwa, mchana na usiku, wakiwa na kifaa cha GPS, na kila wanachokiona au kukisikia wanakiwekea alama. Chura husikika kabla ya kuonekana. Popo hunaswa kwa nyavu. Siku hizi kamera za kujipiga zenyewe huachwa msituni kwa wiki kadhaa, na hata maji ya mto huchotwa yakapimwa maabara kutafuta chembe za urithi za viumbe vilivyopita humo.

Tabaka la tatu ni la majira. Pori la Januari si pori la Julai. Mtu aliyekwenda wiki mbili za kiangazi akarudi na ripoti ya kurasa mia tatu amepiga picha moja ya filamu ndefu. Tabaka la nne ni la wenyeji. Mvuvi, mrina asali na mchuma dawa wanajua kisima kipi hakikauki na ndege gani hufika mwezi gani. Elimu yao haijaandikwa kwa Kilatini, lakini ina miaka mingi kuliko mkataba wa mshauri yeyote.

Ndipo huja tabaka la tano, ambalo Kihansi lilikosekana. Juu ya ramani ya viumbe hulazwa ramani ya mradi, na ramani hiyo haiishii kwenye ua wa eneo la ujenzi. Inafuata maji yanakokwenda na yanakokosekana. Inafuata barabara mpya na watu watakaoingia kwa barabara hiyo. Inafuata vumbi, mwanga, kelele na nguzo za umeme. Mahali ramani hizi mbili zinapogusana ndipo penye maswali. Na maswali yana utaratibu wake: kwanza, je, tunaweza kuepuka mahali hapa kabisa? Kama haiwezekani, je, tunaweza kupunguza madhara? Kisha ndipo linakuja suala la kurekebisha kilichoharibika, na mwisho kabisa kulipa fidia kwa kuhifadhi mahali pengine. Kwa kiumbe chenye hekta mbili tu duniani, hatua hiyo ya mwisho haipo. Hakuna pengine.

PALE SWALI LILIPOULIZWA MAPEMA

Msomaji asije akadhani kwamba mambo haya hayawezekani kwetu. Tazama Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, mpakani na Kenya. Katikati ya miaka ya 2000 ulikuja mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi kando ya ziwa hilo, kwa ubia wa kampuni ya kigeni na Shirika la Maendeleo la Taifa. Natron ndilo ziwa pekee katika Afrika Mashariki ambalo heroe wadogo, ndege hao wa waridi ambao wengi wetu huwaita flamingo, huzalia mara kwa mara. Robo tatu hivi ya heroe wadogo wa dunia wanahesabiwa kuwa wametoka humo.

Ni mahali panapoweza kumdanganya mtathmini kirahisi. Ndege hawazai kila mwaka. Hawazai ukingoni, huzaa kwenye magadi ya katikati ambako mtu hawezi kufika kwa miguu. Kiwango cha maji kikizidi viota vinazama, kikipungua mbweha na fisi wanafika. Aliyekwenda katika mwezi mbaya angeweza kuandika kwa moyo safi kwamba hakuona kiota hata kimoja.

Safari hii tathmini iliposomwa hadharani, wanasayansi na wapenzi wa ndege, ndani na nje ya nchi, waliihoji kabla ya kiwanda kujengwa. Walitaka maji ya ziwa yachunguzwe, mito inayoingia ichunguzwe, na maeneo ya kuzalia yachorwe. Mwaka 2008 kampuni ile ikajiondoa. Hoja ya magadi imerudi na kuondoka mara kadhaa tangu hapo, na wananchi wa Ngorongoro na Longido wana haki ya kudai ajira na maendeleo kama Watanzania wengine. Lakini mjadala ulifanyika wakati ziwa lingali zima. Hiyo ndiyo tofauti yake na Kihansi.

SHERIA IPO, JE, MACHO YAPO?

Kihansi iliacha jambo moja jema katika vitabu. Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, na kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zikafuata mwaka 2005. Kenya ilikuwa na sheria yake tangu 1999. Kwa sheria hizi, mradi mkubwa hauruhusiwi kuanza bila cheti cha mazingira, na wananchi wana haki ya kusoma ripoti na kutoa maoni.

Tatizo liko katika utekelezaji. Mshauri anayefanya tathmini huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi, na mshauri anayeleta habari mbaya huenda asipate kazi nyingine. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza kigumu na kuwekwa ofisini mjini, wakati watu wanaoijua ardhi wako kijijini na wanazungumza Kiswahili au lugha ya kwao. Na pale mradi unapokuwa umetangazwa na wakubwa kuwa ni wa taifa, mtu anayeuliza swali la kitaalamu huonekana si mzalendo. Sisi tuliowahi kufanya kazi ya kuuliza maswali tunajua neno hilo lina uzito gani, na linaweza kumpeleka mtu umbali gani na nyumbani.

Mfano wa karibu ni bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2018 na mtambo wake wa kwanza ukaanza kuzalisha Februari 2024. Limejengwa ndani ya Selous, eneo la urithi wa dunia. IUCN ilipitia tathmini zake kati ya 2019 na 2020 na kuzikosoa kuwa hazikutosha. Umeme huo sasa unawaka majumbani, na hakuna mtu mwenye akili anayefurahia giza la ndugu zake. Bwawa limeshajengwa. Lakini maji yake yanaendelea kuteremka hadi kwenye delta ya Rufiji, kwenye mikoko, kambakochi na kamba wadogo, na wavuvi wa huko na wa Mafia. Ramani ya kufuata maji bado ina kazi hapo: ni kiasi gani kinaachwa, mwezi gani, na tope lililorutubisha delta kwa karne nyingi sasa linaishia wapi. Na kuna jambo la ajabu kidogo: maji ya Kihansi, yakishamaliza kuzungusha mitambo yake, huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji. Maji yaliyomkosesha chura nyumba yake ndiyo yanayofika katika bwawa hilo kubwa.

MASWALI YA KUBEBA MFUKONI

Wasomaji wetu wengi hutuma fedha nyumbani, wananunua viwanja, wengine wana hisa katika miradi, na wote wana ndugu wanaoitwa katika mikutano ya kijiji. Kwa hiyo tunawaachia maswali machache ambayo mtu yeyote anaweza kuyauliza bila kuwa mwanasayansi, awe mkutanoni au kwa simu kumwambia mjomba aliyeko huko.

Wachunguzi walikuja lini, na walikuja mara ngapi kwa mwaka? Walifika katika eneo lenyewe, au walitazama mahali pa karibu palipofikika kwa gari? Ramani yao inaishia wapi, kwenye ua wa mradi au mahali maji, barabara na vumbi vinapoishia? Nani wa hapa kijijini alihojiwa, na alichosema kimeandikwa? Kuna kiumbe au chemchemi isiyopatikana pengine, na kama ipo, mradi umebadilishwa nini kwa sababu yake? Na ikitokea madhara, nani atalipa, kwa miaka mingapi?

Mtu akijibiwa vizuri maswali haya, mradi wake una msingi. Akijibiwa kwa hasira, ajue ufa uko wapi.

Tulirudi Bronx mara ya pili mapema mwaka 2013, baada ya kusikia kwamba kundi la kwanza limesharudishwa korongoni. Waliobaki nyuma ya kioo walikuwa bado wapo, wakirukaruka katika manyunyu ya mashine, watoto na wajukuu wa wale waliopakiwa ndege mwaka 2000. Hawajawahi kuiona Tanzania. Mlinzi alituuliza kama tunatoka nchi ya hawa vyura. Tukamwambia ndiyo. Akasema lazima tunafurahi kwamba wamerudi kwao. Tukamwambia ndiyo, tunafurahi sana. Wenzetu wametutangulia.